Makaroni na jibini laini la nyumbani: chakula rahisi cha mtoto, na maziwa unayopaswa kuyachunga

Watoto wengi wakifika miezi minane au tisa huanza kuchoka na uji. Kijiko kinafika mdomoni, mtoto anageuza uso, mama anabaki na bakuli limejaa. Si lazima awe mgonjwa. Mara nyingi anataka kitu chenye umbo, anachoweza kukishika mwenyewe na kukitafuna kwa fizi na meno yake mawili matatu. Makaroni yaliyoiva vizuri na kuchanganywa na jibini laini ni chakula cha namna hiyo. Yana nguvu, yana protini, hayahitaji mchuzi wa kupika saa nzima, na familia yote inaweza kula kutoka sufuria ile ile.

Tukisema jibini, wengi huwaza lile gumu la njano la dukani, pamoja na bei yake. Hapa tunazungumzia jingine: jeupe, laini, lisilo na chumvi, linalotengenezwa jikoni kwa lita 1 ya maziwa na ndimu mbili tatu, chini ya saa moja. Waitaliano wana la kwao linalofanana nalo, ricotta, ambalo hulikoroga ndani ya tambi za moto na chakula kimekwisha. Wahindi wana paneer, ambayo ni jibini hilo hilo lililokandamizwa hadi likawa gumu la kukatwa vipande. Majina ni mbalimbali, kazi ni moja: maziwa ya moto na kitu kichachu.

Na wala tambi si ngeni kwetu. Pwani tunazipika kwa tui, sukari na iliki. Wasomali wana baasto yao, waliyoizoea tangu enzi za Waitaliano, na wengi huila na ndizi mbivu pembeni. Kinachohitaji maelezo zaidi hapa si tambi bali ni maziwa, kwa hiyo tuanze nayo kabla ya kuwasha jiko.

Maziwa gani yanafaa

Kuna imani iliyoenea kwamba maziwa yaliyotoka moja kwa moja kwa ng'ombe, bila kuchemshwa, ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa kwa mtoto. Kuna nyingine kwamba yakishaganda au yakitiwa ndimu, vijidudu vimekufa. Zote mbili si kweli, na zinaumiza watoto.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa brusela, ambao kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo husababisha kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Dalili huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kunywa maziwa, kwa hiyo mtu hakumbuki tena alichokunywa. Na kwa kuwa ni homa, katika maeneo yetu hudhaniwa haraka kuwa ni malaria. Mtoto anapewa dawa ya malaria, homa inapungua kidogo, inarudi, anapewa tena. Ikiwa mtoto wako ana homa inayojirudia, vipimo vya malaria havionyeshi kitu, na nyumbani mnatumia maziwa yasiyochemshwa au mnafuga, mwambie mhudumu wa afya jambo hilo bila kusubiri kuulizwa. Brusela hutibika, lakini dawa zake hutumiwa kwa wiki nyingi, na lazima kwanza mtu afikirie kuipima.

Ng'ombe pia wana aina yao ya kifua kikuu, nayo hupita kwenye maziwa. Tena kuna listeria, ambayo inafaa kutajwa kwa jina kila tunapozungumza habari ya jibini laini, kwa sababu ina tabia isiyo ya kawaida: baridi ya friji haiizuii kukua. Chakula kinaonekana kizuri, hakinuki, na bakteria wanaongezeka polepole humo ndani. Mtu mzima mwenye afya anaweza asijue kama amewahi kuwa nayo. Mama mjamzito anaweza kupata homa ndogo tu na maumivu ya mwili kama mafua, lakini bakteria wakafika kwa mtoto tumboni, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mfu. Ndiyo maana kliniki huwaambia wajawazito waepuke jibini laini lililotengenezwa kwa maziwa mabichi. Hawakatazwi jibini lote. Linalokatazwa ni lile ambalo maziwa yake hayakupata moto, au ambalo hujui yalipata moto au la.

Ndimu haiui vijidudu hivi kwa kiwango cha kutegemewa. Moto unaua. Kiwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, na hiyo ndiyo maana ya maziwa yaliyopasturishwa. Nyumbani hatuna kipimajoto, kwa hiyo tunachemsha. Kwa bahati nzuri jibini letu hili haliwezi hata kuganda vizuri bila maziwa kuchemka kwanza, kwa hiyo ukilitengeneza kwa utaratibu wake, usalama unakuja pamoja nalo.

Jambo moja zaidi kuhusu maziwa ya kupima. Yakikaa muda mrefu juani kwenye dumu kabla hujayapata, baadhi ya bakteria huacha sumu ndani yake, na sumu ya aina hiyo haiondoki hata ukichemsha. Maziwa yaliyoanza kuchacha yenyewe njiani usiyafanye jibini la mtoto kwa kuwa tu unaona uchungu kuyamwaga. Nunua asubuhi, kwa muuzaji unayemjua, kwenye chombo chako ulichokiosha, na uyachemshe mara ufikapo nyumbani.

Maziwa ya pakiti ya kawaida, yale yanayokaa kwenye friji ya duka, yanafaa sana. Yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji hukubali kuganda, lakini hutoa chembe ndogo laini na jibini lake ni kidogo zaidi. Maziwa ya mbuzi yanafaa, na chembe zake ni laini pia. Maziwa ya ngamia ni shida: hayashikani vizuri, na ukijaribu utapata maji meupe badala ya jibini. Wenye ngamia wachemshe maziwa yao, mtoto aliyetimiza mwaka anywe, na jibini watengeneze kwa ya ng'ombe au mbuzi. Na usitumie maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kazi hii. Ni ghali na hayakutengenezwa kwa ajili hiyo.

Chagua maziwa yenye mafuta yake yote. Mtoto chini ya miaka miwili anahitaji mafuta hayo, na jibini huwa laini zaidi.

Jinsi ya kuligandisha

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sufuria, mwiko, chujio na kitambaa viwe safi, na kitambaa kichemshwe kwenye maji dakika tano kisha ukikamue. Hatua ya kitambaa wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu. Ukishachemsha maziwa yako hayana vijidudu. Ukiyamwaga kwenye kitambaa kilichofutia meza, unavirudisha. Tena jibini hili lina maji mengi na halina chumvi, na vijidudu hupenda mahali pa namna hiyo.

Weka lita 1 ya maziwa kwenye sufuria yenye tako nene, moto wa wastani, ukikoroga hadi chini ili yasiungue. Maziwa hupanda juu ghafla kabla hayajachemka sawasawa, na wengi huyaepua hapo. Punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika mbili tatu hivi. Kisha zima jiko.

Sasa subiri dakika moja, halafu tia maji ya ndimu au limau vijiko vikubwa vitatu, kidogo kidogo, ukikoroga taratibu sana. Taratibu ni neno muhimu. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikoroga kama ninapika ugali, nikapata chembe kama mchanga badala ya mabonge laini. Utaona maziwa yanaanza kukatika: mabonge meupe upande mmoja, maji ya rangi ya kijani hafifu upande mwingine. Yasipokatika, ongeza kijiko kimoja cha ndimu na usubiri kidogo. Ndimu zinatofautiana ukali. Kama bado, maziwa yamepoa. Rudisha kwenye moto mdogo mpaka yaanze tena kutoa mvuke mwingi. Usipokuwa na ndimu, siki nyeupe ya chakula inafanya kazi hiyo hiyo.

Kinachotokea ni hiki. Protini kuu ya maziwa huelea ndani yake kama vichembe vidogo vinavyosukumana visikaribiane. Uchachu unaondoa msukumano huo, vinashikana, na vinanasa mafuta ndani yao. Joto nalo huzifanya protini nyingine za maziwa, ambazo kwa kawaida zingebaki kwenye maji, zijiunge na bonge. Ndiyo sababu maziwa yaliyochemka hutoa jibini jingi kuliko yaliyopashwa kidogo.

Funika, acha dakika kumi. Mimina kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya chujio, ukiwa na bakuli chini la kupokea maji. Acha lichuje dakika 10 hadi 15 tu kama unalitaka laini la kuchanganya na makaroni. Ukiliacha saa nzima litakuwa kavu, zuri kwa kupaka mkate lakini gumu kulirudisha kwenye ulaini. Lita 1 hutoa gramu 150 hadi 200 hivi, yaani karibu kikombe kimoja.

Yale maji usiyamwage. Sehemu ya kalsiamu ya maziwa huyeyuka na kubaki humo pamoja na sukari nyingi ya maziwa na protini kidogo. Tutayapikia makaroni.

Makaroni yenyewe

Kwa jibini hilo, gramu 250 za makaroni makavu, yaani nusu ya pakiti ya nusu kilo, zinatosha watu wazima wawili na mtoto mmoja. Chemsha yale maji ya maziwa pamoja na maji ya kawaida hadi yatimie lita 2 na nusu hivi. Tumia sufuria kubwa, kwa sababu maji hayo hutoa povu na hupenda kumwagika jikoni. Usitie chumvi. Watu wazima watajitilia wenyewe kwenye sahani.

Tia makaroni maji yakitokota, koroga mara moja yasigandamane. Pakiti itasema dakika 8 au 10. Hizo ni za mtu mwenye meno yote, anayeyapenda yakiwa na ugumu kidogo. Ya mtoto yaongezewe dakika nne au tano, mpaka uweze kuyaponda kati ya vidole viwili bila nguvu. Kama unaishi sehemu za juu, ongeza tena: Nairobi, kwa mfano, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na makaroni yanachukua muda mrefu kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Maji haya yana wanga wa ngano, na ndiyo yatakayogeuza jibini kuwa rojo. Kwenye bakuli, ponda jibini kwa uma, tia vijiko vinne vitano vya maji hayo ya moto na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia au siagi isiyo na chumvi, koroga mpaka liwe zito na laini kama mtindi. Kisha changanya na makaroni sufuria ikiwa imeepuliwa. Usilirudishe kwenye moto mkali. Jibini lililogandishwa kwa ndimu haliyeyuki wala halivutiki kama lile la piza. Ukilichemsha tena linabana na kuwa chembechembe. Wengine wakiona haliyeyuki hudhani wamekosea. Hawajakosea, ndivyo lilivyo.

Unaweza kula hivyo hivyo. Lakini kwa mtoto, chakula hiki bado kina pengo.

Pengo la madini ya chuma

Makaroni ni wanga. Jibini ni protini, mafuta na kalsiamu. Madini ya chuma ni kidogo sana kwenye vyote viwili, na mtoto kuanzia miezi sita anayahitaji kuliko wakati wowote mwingine, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo inakuwa imekwisha na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Mtoto anayeshibishwa kwa maziwa na vyakula vya maziwa peke yake anaweza kunenepa na huku damu yake inapungua. Ananona mashavu, lakini viganja na ndani ya kope vimepauka, anachoka haraka, hachezi kama wenzake. Kalsiamu nyingi kwenye mlo mmoja nayo hupunguza kidogo kiasi cha chuma kinachoingia mwilini.

Kwa hiyo, usimpe mtoto makaroni na jibini kama mlo wake mkuu kila siku. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha, na kila mara tia kitu chenye chuma. Rahisi kuliko vyote ni dagaa: ondoa vichwa na matumbo, osha mchanga, kaanga kavu hadi wakauke kabisa, saga au twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye bakuli la mtoto kinatosha, na harufu yake haimshindi ukichanganya na nyanya. Kipande kidogo cha ini la kuku lililoiva vizuri, likapondwa, ni bora zaidi kwa chuma, lakini ini lina vitamini A nyingi sana, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha. Nyama ya kusaga inafaa. Yai lililoiva kabisa linafaa pia, ingawa chuma chake hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama.

Mchicha, majani ya kunde au matembele yana chuma, lakini mwili hukichukua kwa shida. Kitu kinachosaidia ni vitamini C. Nyanya mbichi zilizokatwa ndogo, kipande cha embe au chungwa baada ya mlo, au tone la ndimu juu ya bakuli, vyote husaidia. Katakata mchicha laini sana, upike dakika chache na kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, kisha uchanganye na makaroni. Rangi ya kijani kwenye jibini jeupe huwafurahisha watoto wengine na kuwatisha wengine. Anayetishwa mpondee uingie ndani ya rojo.

Na chai. Nyumba nyingi humpa mtoto mdogo chai ya maziwa pamoja na chakula, akiwa na mwaka mmoja au hata kabla. Majani ya chai hushika chuma cha chakula na kukizuia kisiingie mwilini, na ile chai inajaza tumbo dogo lisilo na nafasi ya kuchezea. Mtoto huyu ampe mama yake ziwa, au umpe maji safi yaliyochemshwa na kupoa kwa kikombe. Bibi atasema nyinyi nyote mlikunywa chai na mkakua. Mpokee kwa heshima, kisha umwekee mtoto maji.

Mtoto wa umri gani, na kiasi gani

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake. Hakuna makaroni, hakuna jibini, wala maji ya jibini. Baada ya hapo maziwa ya mama yanaendelea hadi miaka miwili au zaidi, na vyakula vya nyongeza vinaongezwa juu yake.

Mtoto wa miezi sita hadi minane, ponda makaroni yote na jibini yawe laini bila mabonge, uanze na vijiko vikubwa viwili au vitatu, ukiongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo. Miezi tisa hadi kumi na moja, nusu kikombe, na sasa usiponde tena: katakata vipande vidogo, maana asipojifunza kutafuna umri huu, baadaye atakataa chochote chenye mabonge. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Hizo ni kadirio. Mtoto anayefunga mdomo ameshiba. Mwenye kulia bakuli likiondolewa hajashiba.

Jibini laini la maziwa yaliyochemshwa linaruhusiwa tangu miezi sita kama sehemu ya chakula. Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu kliniki pia husema maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka mmoja. Mambo hayo mawili hayapingani: vijiko viwili vya jibini kwenye mlo si sawa na chupa ya maziwa inayochukua nafasi ya ziwa la mama. Ikiwa mtoto hanyonyi kwa sababu yoyote, zungumza na mhudumu wa kliniki kuhusu maziwa yake. Hilo halijibiki kwa makala ya mapishi.

Chumvi kwa mtoto chini ya mwaka mmoja isizidi gramu 1 kwa siku, kiasi ambacho anakaribia kukipata kwenye vyakula vyenyewe bila wewe kutia kitu. Ndiyo sababu jibini la kujitengenezea linashinda vile vipande vya pembetatu vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, ambavyo vina chumvi nyingi. Mchuzi wa kidonge nao usitiwe kwenye chakula cha mtoto.

Kuhusu kupaliwa: spageti ndefu zikatwe, kwa sababu mtoto huzivuta kwa pumzi. Mtoto akae wima, usimlishe akiwa amelala mgongoni au anakimbia, na usimwache peke yake na bakuli hata kama ni dakika ya kuchukua simu.

Ngano na maziwa ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kuleta mzio. Usivianzishe vyote viwili siku moja kwa mara ya kwanza. Mpe makaroni yaliyopondwa na maziwa ya mama kwanza, ngoja siku tatu, kisha umwongezee jibini kijiko kimoja, asubuhi au mchana ili uweze kumwangalia. Vipele vinavyowasha, kutapika mara kwa mara au kuharisha baada ya kula, acha chakula hicho na umpeleke kliniki. Midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida, au kulegea ghafla: hospitali, wakati huo huo.

Bila friji

Hapa ndipo maswali huwa mengi. Jibini hili halikai kwenye joto. Chakula kilichochanganywa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kwenye joto la Pwani la zaidi ya nyuzi 32 ni saa 1. Kama huna friji, tengeneza nusu lita ya maziwa kwa kijiko kikubwa kimoja na nusu cha ndimu, mle vyote mlo ule ule. Kuliweka kwenye mtungi au kulifunika kwa kitambaa chenye maji hulifanya liwe baridi kwa kuligusa, lakini si baridi ya kutosha kuzuia vijidudu.

Mwenye friji anaweza kuweka jibini peke yake kwenye chombo kilichofunikwa, siku 2 au 3, na umeme ukikatika usiku kucha lisitumike kwa mtoto. Alilobakiza mtoto kwenye bakuli, lenye mate yake, halirudi sufuriani wala halisubiri jioni. Mpakulie kidogo, aongezewe.

Makaroni yaliyobaki sufuriani na kuwekwa kwenye friji yatakuwa yamebanana kesho yake. Tia maji vijiko vitatu vinne, pasha kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka yatoe mvuke kila mahali, sio pembeni tu, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Jibini litakuwa na chembechembe kidogo kuliko jana. Kijiko cha mafuta na nyanya mbichi iliyokatwa vinalirekebisha.